Kusafisha na Kutunza Sofa ya Ngozi Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo watu huyauliza tena na tena: anayeishi Tanga au Mombasa akipambana na ukungu wa masika, anayeishi Iringa au Nakuru akiona ngozi inakauka, na aliyenunua kochi kwa jina la ngozi kisha baada ya miaka michache akakuta linabanduka kama ganda la kitunguu. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika. Maswali ya 1 na 2 yafaa yasomwe na kila mtu, kwa kuwa sofa nyingi huharibiwa na bidii ya mwenyewe asiyejua anasafisha nini.

## Kuijua ngozi uliyonayo

1. Nitajuaje kama sofa yangu ni ya ngozi halisi?

Tazama upande wa nyuma wa ngozi kabla ya kutazama uso wake. Fungua zipu ya mto, au pindua kochi utafute mahali ambapo fundi ameikunja ngozi na kuipiga pini chini ya fremu. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana upande wa ndani, zisizo na mpangilio, ambazo ukizikwaruza kwa kucha huinuka kidogo. Reksini, yaani ngozi bandia, ina kitambaa kilichofumwa ambacho uzi wake huonekana wazi. Kuna aina ya tatu inayodanganya zaidi: mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi na kutandazwa kama karatasi, kisha yakafunikwa kwa tabaka la plastiki lililochapwa alama za vinyweleo. Hiyo ina ngozi ndani yake, kwa hiyo muuzaji hasemi uongo mtupu, lakini haidumu kama ngozi.

Harufu si ushahidi, kwa sababu hutiwa kiwandani. Alama za vinyweleo zinazojirudia kwa mpangilio uleule huashiria mashine, ingawa hata ngozi halisi yenye kasoro nyingi husuguliwa na kuchapwa alama upya. Jaribio la kuchoma kwa kiberiti, ambalo baadhi ya wauzaji hulifanya kwa majigambo, liachwe kwao.

Kagua mahali zaidi ya pamoja. Sofa nyingi zinazoingizwa kutoka nje zimevishwa ngozi halisi kwenye sehemu zinazogusa mwili tu, yaani kiti, egemeo na mikono, huku ubavu na mgongo ukiwa reksini ya rangi ileile. Baada ya miaka kadhaa sehemu hizo mbili huzeeka kwa mwendo tofauti, na mwenye nyumba hubaki akijiuliza kwa nini mgongo unabanduka ilhali kiti ni kizima.

2. Ngozi halisi zote husafishwa kwa njia moja?

Hapana. Tofauti kubwa iko kwenye kile kilichopakwa juu yake. Sofa nyingi za nyumbani zina ngozi iliyopakwa tabaka la rangi na juu yake tabaka la kukinga; katika majibu haya tutaiita ngozi iliyopakwa. Kimiminika hukaa juu yake kwa muda kabla ya kupenya, na unapoifuta kwa kweli unasafisha lile tabaka, si ngozi yenyewe. Nyingine imechovywa rangi tu bila kufunikwa; hii tutaiita ngozi wazi. Ni laini, hupata joto la mwili upesi, makovu ya ng'ombe na alama za kupe huonekana juu yake, na bei yake ni kubwa. Pia hunywa kila kinachomwagika.

Kuzitofautisha, weka tone moja la maji mahali palipofichika na usubiri dakika moja. Likibaki duara juu ya uso, una ngozi iliyopakwa. Likizama na kuacha kivuli cheusi kinachopotea likikauka, una ngozi wazi. Ziko za katikati, zenye kinga nyepesi, ambazo tone huzama polepole. Hizo zichukulie kama ngozi wazi. Jaribio hili halitofautishi ngozi na reksini, maana tone hukaa juu ya reksini vilevile.

Ngozi yenye uso wa manyoya mafupi kama mahameli ni jambo jingine kabisa: isafishwe kwa brashi kavu, na isiguswe na maji, losheni wala sabuni.

3. Watu husema "leza". Hiyo ni ngozi au si ngozi?

Neno hilo, lililotoholewa kutoka Kiingereza "leather", hutumika kwa vyote viwili, na ndiyo sababu ya ugomvi mwingi kati ya mafundi na wateja. Ukiagiza kochi, usikubali neno hilo peke yake kwenye risiti. Taka iandikwe "ngozi halisi ya ng'ombe" au "reksini", na kwa sehemu zipi za kochi.

## Usafi wa kawaida

4. Nisafishe mara ngapi?

Vumbi liondolewe kila wiki kwa kitambaa laini kikavu au kwa mashine ya kunyonya vumbi yenye brashi laini, hasa kwenye mishono na katika pengo kati ya kiti na egemeo, ambako makombo na mchanga hujificha. Mchanga ni adui asiyetajwa: kila anayekaa huusugua juu ya ngozi kama msasa, na nyumba iliyo karibu na barabara ya vumbi au ufuo ina mchanga mwingi kuliko mwenyewe anavyodhani.

Kufuta kwa maji na sabuni nyepesi kunatosha mara moja kila miezi miwili au mitatu, isipokuwa sehemu za kichwa na mikono, ambazo zinahitaji kufutwa mara nyingi zaidi (tazama swali la 16). Kuosha sofa ya ngozi kila Jumamosi pamoja na sakafu ni kuipunguzia umri.

5. Nifuate hatua gani, na nitumie maji gani?

Ondoa kwanza vumbi lote likiwa kavu, kwa sababu vumbi likikutana na maji hugeuka tope na tope huingia kwenye mishono. Kisha chukua maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, tia matone machache ya sabuni ya maji ya kuogeshea mtoto, na ukoroge mpaka povu litokee. Chovya kitambaa laini cheupe, ukamue mpaka kisidondoshe hata tone, ndipo ufute kwa mkono mwepesi kwa mizunguko midogo, sehemu moja baada ya nyingine. Futa kipande kizima kutoka mshono hadi mshono. Ukisafisha katikati peke yake, utaacha alama ya duara. Pitisha kitambaa cha pili chenye maji matupu, kisha cha tatu kikavu. Acha kochi likauke kwa hewa, madirisha yakiwa wazi au feni ikizunguka, bila kulianika juani na bila mashine ya kukaushia nywele.

Maji yenyewe yana neno. Visima vingi vya Dar es Salaam na miji mingine ya pwani hutoa maji ya chumvi, na chumvi hiyo hubaki juu ya ngozi maji yakikauka: huonekana kama vumbi jeupe kwenye mikunjo, na hukausha uso. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua na chumvi hubaki. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi au maji ya kunywa ya chupa. Lita moja inatosha sofa nzima, kwa hiyo hakuna ubadhirifu.

Kabla ya hatua yoyote ya majibu haya, hata ile inayoonekana salama, jaribu mahali palipofichika, subiri pakauke, na ukague kitambaa. Kikitoka na rangi ya kochi, simama.

6. Sabuni ya kipande, ya unga, ya vyombo, jiki, dettol: ipi inafaa?

Hakuna hata moja. Ngozi iliyotengenezwa kiwandani ina tindikali kidogo, ilhali sabuni ya kipande na ya unga zina alikali kali, yaani kinyume cha tindikali. Siku ya kwanza kochi hung'aa, na ndiyo maana watu huendelea. Baada ya miezi kadhaa lile tabaka la kukinga limechakaa na mipasuko midogo imeanza kuonekana pale ngozi inapokunjwa. Sabuni ya vyombo imetengenezwa ili iondoe mafuta, na ngozi hulainika kwa mafuta iliyotiwa kiwandani. Jiki hula rangi na nyuzi zenyewe. Dettol na dawa nyingine za kuulia vijidudu huacha mabaka zikitumiwa bila kuzimuliwa, na harufu yake hukaa muda mrefu.

7. Vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto ni salama?

Kwa dharura ya mara moja, ndiyo, mradi upitishe kitambaa cha maji matupu baadaye. Kwa matumizi ya kila siku, hapana: vina vilainishi na dawa za kuhifadhi ambazo hubaki juu ya ngozi na kuacha utando unaonata, na utando huo hukamata vumbi.

8. Kochi langu ni la reksini. Nifuate maelekezo yaleyale?

Kwa kusafisha, ndiyo; hatua za swali la 5 zinafaa, na maonyo ya swali la 6 yanahusu pia. Kinachobadilika ni losheni. Reksini haina nyuzi za kunywa mafuta, kwa hiyo losheni ya ngozi huishia juu yake kama utelezi. Fedha hiyo itumie kununua pazia zito la kukinga jua.

## Mafuta, losheni na dawa ya viatu

9. Je, nipake mafuta ya nazi, ya mzeituni au ya kujipaka ili ngozi ilainike?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu halipendwi: usipake. Kwenye ngozi iliyopakwa, mafuta ya nazi hayapiti tabaka la rangi. Hubaki juu, hukamata vumbi, na huhamia kwenye nguo za wageni. Kwenye ngozi wazi huzama kweli, lakini huacha weusi usio sawa ambao haurudi nyuma, na mafuta ya mimea huchacha kadiri muda unavyokwenda. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mwenye nyumba Mbeya au Limuru ambaye amewahi kugonga chupa ya mafuta hayo asubuhi ya mwezi wa Julai anaweza kujijibu mwenyewe yanafanya nini ndani ya ngozi.

Mafuta mazito ya kujipaka huziba na kulainisha mno tabaka la kukinga mpaka linate. Mchanganyiko wa siki na mafuta ya mzeituni, ambao umesambaa sana kwenye simu za watu, una makosa mawili kwa mkupuo mmoja: siki ni tindikali kali kuliko ngozi inavyohitaji, na mafuta ni yaleyale.

Mng'ao unaopatikana siku hiyo ndio unaowadanganya watu. Hata kiatu kikavu hung'aa kikilowa.

10. Nina dawa ya viatu ya rangi ileile ya kochi. Niitumie kufunika mabaka?

Hapana. Nta na rangi ya dawa ya viatu vimetengenezwa kwa kiatu, ambacho hakikaliwi na mtu mwenye kanzu nyeupe. Rangi itatoka kwa kusuguliwa na jasho, na nta iliyobaki itamzuia fundi wa rangi asiweze kukusaidia baadaye, kwa sababu rangi yake haitashika juu yake.

11. Basi losheni ya ngozi iliyotengenezwa kwa ajili ya makochi inafanya nini, na niipake mara ngapi?

Maandishi ya kwenye chupa husema inalisha ngozi. Ngozi ya kochi haili. Mnyama wake alikwisha kuondoka. Kwenye ngozi iliyopakwa, losheni nzuri hufanya kazi nyepesi zaidi: huacha utando mwembamba unaopunguza msuguano na kuzuia jasho na madoa yasifike kwenye rangi haraka. Kwenye ngozi wazi hurudisha sehemu ya mafuta yaliyopotea, na hapo tofauti huonekana kwa mkono.

Chagua ile ya maji, isiyo na nta nzito wala silikoni. Paka kiasi kidogo kwa kitambaa baada ya kusafisha, acha dakika 15 au 20, kisha futa ziada. Mara mbili kwa mwaka zinatosha sehemu nyingi. Pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu, hata mara moja. Ngozi iliyojaa losheni huwa nzito, hulegea kwenye kiti, na huwa malisho ya ukungu.

## Madoa

12. Chai, juisi au soda imemwagika sasa hivi. Nifanye nini?

Kandamiza, usisugue. Weka kitambaa kikavu juu ya kilichomwagika na ukibonyeze ili kinywe. Badilisha upande na urudie, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Sukari iliyobaki hunata, kwa hiyo malizia kwa hatua za swali la 5 kwenye kipande kizima. Usisahau kuinua mto: soda huteremka kwenye mshono na kuingia kwenye sponji, na wiki ya pili sisimizi ndio watakaokukumbusha.

13. Mafuta ya pilau au ya mchuzi wenye manjano?

Futa mabaki, kisha nyunyizia poda ya kawaida ya mwili au kornifulawa, tabaka nene, na uiache usiku kucha inyonye. Asubuhi ipanguse kwa brashi laini, na urudie ikiwa kivuli bado kipo. Usitie maji kwenye doa la mafuta la ngozi wazi. Utaongeza doa la pili kuzunguka la kwanza. Rangi ya manjano yenyewe ina udhaifu mmoja: haivumilii mwanga. Doa la njano lililokataa kutoka hufifia lenyewe kwa wiki kadhaa kwenye chumba chenye mwanga wa dirisha, bila kulianika kochi juani.

14. Mtoto amechora kwa kalamu ya wino.

Dakika za mwanzo ndizo za thamani. Kwenye ngozi iliyopakwa, jaribu kwanza povu la swali la 5. Likishindwa, lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti ya hospitali, kiwe na unyevu tu, na ukizungushe juu ya mstari bila kusugua, ukibadilisha kijiti kila kinapochafuka. Spiriti huyeyusha wino, na ikiongezwa huyeyusha pia rangi ya kochi. Rangi ikianza kutoka, mstari wa wino ni afadhali kuliko baka jeupe. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha isiletwe karibu kabisa. Kwenye ngozi wazi wino huzama papo hapo, na hakuna jambo la nyumbani litakaloutoa bila kuacha alama.

15. Hina na piko?

Nyumba za pwani huuliza hili baada ya kila harusi. Hina hushika mkononi kwa sababu rangi yake hujifunga kwenye protini ya ngozi na nywele, na ngozi ya kochi nayo ni protini. Kwenye ngozi wazi, hina mbichi iliyokaa hata muda mfupi hubaki. Kwenye ngozi iliyopakwa una nafasi nzuri ukiwahi: inua uji wa hina kwa kijiko bila kuukandamiza, futa kwa kitambaa chenye povu, na urudie kwa vitambaa vipya mpaka hakuna rangi inayotoka. Piko lina kemikali ya rangi ya nywele na hushika haraka zaidi. Njia ya hakika ni kumkalisha bibi harusi mkekani, kama ilivyokuwa siku zote.

16. Sehemu ya kichwa na mikono imekuwa nyeusi na inanata, na nikiifuta rangi inatoka. Kwa nini?

Hayo ni mafuta ya nywele na ya mwili pamoja na jasho. Yakikaa muda mrefu hulainisha tabaka la kukinga, na tabaka lililolainika hutoka na kitambaa unapolisafisha. Ndiyo maana watu hudhani sabuni imeharibu kochi, kumbe uharibifu ulianza miezi mingi kabla. Hali ikiwa changa, futa kila wiki mbili kwa hatua za swali la 5. Ikiwa rangi inatoka tayari, acha kufuta na umtafute fundi wa rangi ya ngozi (swali la 24).

Kinga yake tunayo tangu zamani: vile vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa kwenye egemeo na mikono ya makochi ya mama zetu, ambavyo siku hizi huchekwa kuwa ni vya kizamani. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na vitambaa vya kazi hiyohiyo, vikikinga viti dhidi ya mafuta ya nywele ya wanaume. Sharti moja tu: uzi uwe mweupe au uwe umefuliwa mara nyingi, usije ukaleta tatizo la swali linalofuata.

17. Khanga mpya, jinzi au buibui limeacha rangi kwenye kochi jeupe.

Rangi ya kitambaa huhama kwa joto na jasho la mwili, na kochi la rangi ya maziwa huonyesha kila kitu. Ukiona ndani ya siku chache, povu la sabuni nyepesi likirudiwa mara tatu au nne huondoa sehemu kubwa. Likikaa miezi, rangi hupenya tabaka la kukinga, na kwenye reksini hupenya plastiki yenyewe, ambako haitoki tena. Fua khanga na jinzi mpya mara kadhaa kabla ya kuzikalia kochi la rangi hafifu.

18. Mkojo wa mtoto au wa paka?

Kandamiza kama katika swali la 12, futa kwa maji matupu mara mbili, kisha kwa povu, kisha kwa maji matupu tena. Harufu inayobaki kwa kawaida iko kwenye sponji na wala si kwenye ngozi: vua foronya ya mto, fua sponji peke yake na uianike siku mbili mpaka ikauke kabisa. Usiifue foronya ya ngozi kwenye beseni. Itasinyaa na haitaingia tena.

## Masika, jua na kiyoyozi

19. Nailoni iliyokuja na kochi niiache ili lisichafuke?

Itoe siku hiyohiyo. Nailoni huzuia hewa, jasho na unyevu hukaa chini yake, na kwenye joto la pwani huweza kugandana na uso wa kochi. Nimeona kochi lililofunuliwa baada ya miaka miwili ili litumike kwenye sherehe: chini ya nailoni ukungu ulikuwa umechora ramani. Ukitaka kulifunika, tumia shuka la pamba jeupe linalopitisha hewa.

20. Kila masika ukungu huota kwenye ngozi. Nifanyeje?

Ukungu huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa siku kadhaa, hali ya kawaida kabisa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa kati ya Machi na Mei. Kuufuta bila kupunguza unyevu ni kuukatia matawi.

Ukiweza, toa kochi nje, kivulini penye upepo, ukiwa umefunika pua na mdomo. Panguza ukungu ukiwa mkavu kwa brashi laini. Ukifanyia ndani ya nyumba utaupandikiza kwenye makabati. Kisha, kwa ngozi iliyopakwa, changanya spiriti ya hospitali na maji kwa kiasi sawa, jaribu mahali palipofichika, na ufute kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Kwa ngozi wazi, ishia kwenye brashi na hewa. Acha kochi likauke siku nzima, na usipake losheni wiki hizo.

Likirudi ndani, lisogeze sentimita 10 au zaidi kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje unaolowa mvua, na uache feni izunguke saa chache kila siku. Nguo zisianikwe sebuleni. Familia inayosafiri mwezi mzima na kufunga kila dirisha hurudi ikakuta kochi lina manyoya. Mwachie jirani ufunguo afungue madirisha.

21. Nafuta utando mweupe, unarudi, lakini hauna harufu ya ukungu. Ni nini?

Huenda ni mafuta. Baadhi ya mafuta yaliyomo ndani ya ngozi, ya kiwandani au yale uliyopaka mwenyewe (swali la 9), husafiri mpaka juu na kuganda kama nta. Weka kiganja cha mkono juu ya utando kwa dakika moja: mafuta yatayeyuka na kupotea, ukungu utabaki. Yafute kwa kitambaa kikavu chenye joto kidogo, na uache kupaka chochote. Utando mkavu wenye ladha ya chumvi asili yake ni maji ya kisima, kama ilivyoelezwa katika swali la 5.

22. Jua, kiyoyozi na hewa kavu vina madhara gani?

Jua hufifisha rangi na kukausha ngozi, na uharibifu huo haurudishwi na losheni. Kochi lililo mbele ya dirisha la magharibi hufifia upande mmoja. Lisogeze, au weka pazia. Kiyoyozi kisipulize moja kwa moja juu ya kochi: hewa yake ni kavu, na walioko Muscat au Dubai, ambako huwashwa karibu mwaka mzima, huona mipasuko hata pale ambapo nje kuna unyevu mwingi. Dodoma, na nyanda za juu wakati wa kiangazi, losheni mara mbili kwa mwaka ina maana zaidi kuliko pwani. Jiko la mkaa na hita ya umeme viwe umbali wa nusu mita au zaidi.

## Kuharibika na kutengeneza

23. Paka amekwaruza. Inawezekana kufuta mikwaruzo?

Mkwaruzo mwepesi kwenye ngozi wazi mara nyingi hufifia ukisuguliwa kwa kidole safi chenye joto, au kwa losheni kidogo. Kwenye ngozi iliyopakwa, rangi imeondoka na lazima irudishwe kwa rangi. Mkwaruzo uliofika kwenye nyuzi hujazwa kwa gundi maalumu ya ngozi kabla ya kupakwa rangi, kazi ambayo anayeifanya mara ya kwanza asiianzie katikati ya kiti.

24. Uso unabanduka vipande vipande. Kuna dawa?

Kwanza jua ni nini kinachobanduka. Kama chini yake kuna nyuzi za ngozi halisi, ni rangi iliyochakaa, na fundi wa rangi ya ngozi anaweza kuisafisha, kuijaza na kuipaka upya. Kama chini yake kuna kitambaa au kitu kama karatasi, ni reksini ya poliyurethani (aina ya plastiki) au ni mabaki ya ngozi yaliyogandishwa, na hakuna dawa. Unyevu wa hewa na joto huvunja poliyurethani polepole hata kochi lisipokaliwa na mtu. Ndiyo maana lile la chumba cha wageni, linalotunzwa kuliko yote, nalo hubanduka. Rangi za kupuliza zinazouzwa kwa ajili hiyo hushika juu ya kitu kinachoanguka, na huanguka nacho. Mimi mwenyewe nilikwisha kupaka mara mbili kabla ya kukubali.

25. Nimeona kunguni kwenye mishono. Nipulize mafuta ya taa?

Usipulize. Mafuta ya taa huyeyusha tabaka la kukinga, huacha harufu ya miezi, na kochi lililolowa mafuta hayo ni hatari ya moto ndani ya nyumba. Nyonya mishono kwa mashine na utupe uchafu wake nje mara moja, fungua kitambaa cha chini ya fremu, ambako hujificha kuliko kwenye ngozi, na uache unyunyiziaji ufanywe na mtaalamu atakayeelekeza dawa kwenye mbao na si kwenye uso wa ngozi. Vyumba vya kulala vishughulikiwe siku hiyohiyo.

26. Fundi anasema avue kila kitu na kuvisha upya. Nimuulize nini kabla ya kukubali?

Kama fremu ni ya mbao ngumu na haijaliwa na mchwa, kuvisha upya kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa kando ya Ngong Road, Nairobi, mara nyingi ni busara kuliko kununua jipya la bei nafuu. Mwombe akuonyeshe upande wa nyuma wa anachotaka kukuvisha. Ikiwa ni reksini, muulize ni ya PVC au ya poliyurethani: ya PVC ni ngumu zaidi na hutoa jasho mgongoni, lakini unyevu hauivunji, na ndiyo inayovumilia kwenye viti vingi vya daladala na matatu. Ya poliyurethani ni laini na nzuri kuitazama dukani. Kwa nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi, mimi singeilipia. Ikiwa ni ngozi halisi, unene wa milimita 0.9 hadi 1.4 ni wa kawaida kwa makochi, na ngozi nzima ya ng'ombe mmoja hutoa takriban mita za mraba 4 hadi 5, kwa hiyo anayekuambia ngozi mbili zinatosha seti nzima anakusudia kuvisha sehemu kubwa kwa kitu kingine. Mwisho, mwombe akuachie vipande vilivyobaki: ndivyo utakavyojaribia sabuni, losheni na spiriti kabla ya kugusa kochi lenyewe.